Mfupa wa kifundo cha mkono uliokufa: uliza kwanza umefika wapi

Waalaykumu salaam mdogo wangu wa Wete. Unasema umeambiwa mfupa wa kifundo cha mkono umekosa damu ukafa, nawe seremala unaogopa kupasuliwa. Nakuelewa, mkono ndio riziki.

Huo ni mfupa wa luneti, wenye umbo la mwezi mwandamo. Maradhi yake aliyaeleza Robert Kienböck wa Vienna mwaka 1910. Muulize daktari: umeshabonyea au bado? Uamuzi wote uko hapo. Eksirei ya mwanzoni huweza kuonekana safi kabisa. MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ndiyo hufichua.

Kama haujabonyea, na mfupa wa kigasha wa upande wa kidole cha mwisho ni mfupi kuliko wa upande wa gumba, huu wa gumba hupunguzwa milimita 2 au 3, ukabanwa kwa bamba la chuma na skrubu. Mzigo juu ya luneti ukapungua, ikapumua. Luneti ikishasagika, huondolewa mifupa 3 ya safu ya kwanza ya kifundo, au mingine huunganishwa: maumivu hupungua, lakini kifundo hakikunjiki kama zamani. Kwa mshika randa hilo zito, kwa hiyo mweleze kazi yako kabla hujatia saini.

Omba rufaa ya taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili. Na randa iweke chini leo, mkono ufungwe banzi.