Je, kumhoji mtumishi wa Mungu ni dhambi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Dada yangu alianza kwenda kikundi cha maombi miaka miwili iliyopita, kesha za Ijumaa tu. Sasa ameuza cherehani iliyokuwa ikimlisha, mwanawe amemtoa shule, na simu ya mama hapokei, ati yuko kwenye mfungo. Nilipomuuliza kiongozi wao alinijibu, "Msiwaguse masihi wangu." Je, nimetenda dhambi?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Hujatenda dhambi. Aya hiyo nimechoka kuisikia ikifanywa kufuli la midomo ya watu. Fungua Zaburi ya 105, usome kuanzia mstari wa 12. Hao masihi, yaani wapakwa mafuta wa Mungu, ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa wachache na wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa, na wanaokemewa kwa ajili yao ni wafalme. Aya inamkinga mnyonge, huyu bwana anajikingia nayo! Paulo alipohubiri Beroya, wasikilizaji waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama asemayo ni kweli, na Matendo 17:11 inawasifu kwa hilo.

Shakahola, ule msitu wa Kilifi nchini Kenya, tunaikumbuka kwa makaburi, kwa miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa kuanzia Aprili 2023. Tunasahau kwamba Good News International, kanisa la waumini hao, ilianza Malindi mwaka 2003 kama kanisa lolote la mtaani. Baadaye elimu ya shule ikaitwa ya shetani, hospitali nayo ikafuata. Mwaka 2019 kanisa likafungwa, na waumini wakauza walichokuwa nacho wakahamia msituni, kwenye vijiji vilivyopewa majina kama Nazareti na Galilaya. (Kiongozi wao amekana mashtaka, hukumu ni ya mahakama.) Neno la kufunga hadi kufa lilimkuta mtu hana kazi, hana nyumba, na ndugu zake keshagombana nao. Angerudi wapi? Ndiyo maana katika barua yako kilichonishtua zaidi ni ile cherehani.

Na mfungo wenyewe? Isaya 58:7, katika sura ile ile ya kufunga, anasema: "wala usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe." Watakuletea Mathayo 10:37, ampendaye mama kuliko Yesu hamstahili. Ni neno la Bwana, silipunguzi. Lakini Bwana huyo huyo, katika Marko 7, aliwakaripia waliomnyima mzazi haki yake kwa kusema mali imekuwa Korbani, sadaka kwa Mungu.

Sasa la kufanya. Kwa dada yako usimtukane mchungaji wake, maana atamtetea na utampoteza. Mpigie, asipopokea mtumie ujumbe: mama anakuulizia, mchele upo, chumba chako kipo. Cherehani usiitaje. Akija hata kwa saa moja, mpe chai, mwache aongee.

Mtoto ni jambo jingine, naye hana hiari katika haya. Kesho asubuhi nenda kwa afisa wa watoto, na chifu ajue. Ukisikia kwamba naye anafungishwa, au anaumwa na hapelekwi hospitali, usingoje kesho, nenda polisi usiku huo huo. Wakikuambia umemshtaki mtumishi wa Mungu, waambie mchungaji wako ndiye aliyekutuma.