Wasomaji Wanauliza: Mti rasmi wa jimbo unaitwaje jina la sumu?

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mama mkazi wa Igoma, Mwanza, nauza vitenge sokoni. Kijana wangu wa pili yuko masomoni Marekani, jimbo la Pennsylvania, juzi kanitumia picha wasapu kasimama chini ya mti mkubwa wa kijani kibichi, anasema unaitwa hemlock na ndo mti rasmi wa jimbo hilo. Nikamwonyesha jirani yangu, mwalimu mstaafu, akashtuka kabisa, akaniambia hemlock ndo sumu aliyonyweshwa Socrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, akafa. Tangu siku hiyo usingizi siupati vizuri. Serikali inachaguaje mti wa sumu, na mwanangu anapita chini yake kila siku?
Mama wa Igoma

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza lala usingizi wako, huo mti hauna sumu.

Mwalimu hajakosea kuhusu Socrates, alikunywa sumu kweli huko Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, na mmea uliotengeneza ile sumu kwa Kiingereza unaitwa hemlock. Ila ule sio mti mama, ule ni mmea laini wa jamii moja na karoti na giligilani. Huu wa kijana wako uko kwenye ukoo wa mipaini, una magome, una majani mafupi bapa kama sindano, na mbegu zake ziko ndani ya vitunda vidogo vigumu vinavyoning'inia kwenye matawi. Majina ndo yamegongana, maelezo yanayotolewa ni kwamba walowezi walipofikicha majani yake harufu ikawakumbusha ule mmea wa Ulaya, basi wakauita hivo hivo na jina likaganda.

Sasa cha kumwambia kijana ni hiki hapa. Ule mmea wa sumu wenyewe uko Marekani pia, ulifika ukitokea Ulaya, na Pennsylvania unaota kandokando ya barabara na mitaro. Shina lake halina vinyweleo na lina madoa ya zambarau, maua ni meupe yamekaa kama mwavuli. Mtu asiyeujua anaweza kudhani ni karoti pori. Asiuchume, asiuonje, asiushike na mikono mitupu. Chini ya mti apumzike tu bila wasiwasi.

Umeuliza serikali ilichaguaje. Kule kila jimbo lina bunge lake na sheria zake, sio kama mikoa yetu, kwa hiyo kila jimbo linapitisha mti wake, ua lake, ndege wake. Pennsylvania walipitisha hemlock Juni 1931, na gavana wakati huo alikuwa Gifford Pinchot, mtu wa misitu hasa, ndo aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Idara ya Misitu ya Marekani ilipoanzishwa mwaka 1905. Jina la jimbo lenyewe maana yake ni msitu wa Penn. Na hemlock ni mzaliwa wa pale, unaweza kuishi zaidi ya miaka 500, na wakati wa baridi miti mingi ikibaki vijiti vitupu kwenye theluji wenyewe uko kijani. Sisi huku tumezoea mwembe uko kijani mwaka mzima hatuoni ajabu, lakini kule mti wa kijani mwezi Januari unapumzisha macho.

Kitu kinachoniuma mimi ni kwamba heshima ilikuja wakati mti umeshateketezwa. Magome ya hemlock yana tanini nyingi, ile inayogeuza ngozi mbichi ya ng'ombe kuwa ngozi ya kiatu, kama wenzetu wa Njombe wanavyotumia magome ya miwati. Basi miaka ya mwisho ya 1800 Pennsylvania ilijaa viwanda vya ngozi, wakawa wanaangusha mti wanabandua magome wanaondoka nayo, na gogo lenyewe mara nyingi wanaliacha linaoza porini, mti wa miaka mia tatu umelala pale hauna hata aliyeutengenezea kiti. Milima mizima ikabaki uchi. Ndo mwaka 1931 wanauita mti wetu rasmi, na hiyo misitu mikongwe imeshabaki vipande vipande.

Halafu ikaja shida ya pili, na hii wewe mama uliyekaa karibu na ziwa utaielewa kuliko watu wengi. Kuna kidudu kidogo sana asili yake Asia, hicho kinachohangaisha kule kilitokea Japani, kikaonekana mashariki ya Marekani mwaka 1951 karibu na mji wa Richmond jimbo la Virginia, na miaka ya 1960 kikawa kimeshafika Pennsylvania. Kinakaa chini ya vijani, kinafyonza, kinajifunika na kitu cheupe kama pamba. Mti unaanza kukauka na ndani ya miaka michache, minne mpaka kumi hivi, umekufa. Baridi kali inakiua, ila baridi ikipungua na chenyewe kinasonga mbele. Mti ukifa kivuli kinaondoka kwenye vijito, maji yanapata joto, na kuna samaki anaitwa brook trout, ambaye naye ni samaki rasmi wa jimbo hilo, hawezi maji ya joto, sio kama sato wetu anayeyaweza.

Si unakumbuka magugumaji? Yalitoka Amerika Kusini, miaka ya 1990 yakafunika ghuba zetu mpaka mitumbwi ikawa haitoki, na moja ya silaha zilizosaidia ni wale mbawakavu wadogo walioletwa kuyala. Wamarekani nao wanafanya hivohivo, tangu 2003 wanaachia mbawakavu kutoka magharibi ya nchi yao wanaokula hicho kidudu, na miti mingine wanaiwekea dawa kwenye mizizi. Mwambie kijana ageuze tawi aangalie chini ya majani, akiona pamba nyeupe apige picha awapelekee watu wa misitu wa pale.

SWALI: Na sisi Tanzania tuna mti kama huo?
Dereva boda, Nyegezi

JIBU: Kaka, angalia nembo ya taifa, yule mwanaume miguuni kwake kuna mkarafuu na mwanamke kuna mpamba, pamba hii hii ya Usukumani. Mkarafuu uko kijani mwaka mzima lakini asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Mti ambao watu wengi wanauita mti wa taifa ni mpingo, huo ni wa kwetu kabisa, wa vinyago vya Wamakonde na wa klarineti za Ulaya, ila kiangazi unapukutisha majani.

SWALI: Naweza kuagiza mbegu za hemlock nikapanda kwangu Buswelu?
Baba Neema

JIBU: Hapana baba, mti ule unataka baridi ya kweli, hata mbegu zake zinahitaji kukaa kwenye baridi na unyevu wiki kadhaa ndo zichipue vizuri. Na baada ya niliyoyaandika hapo juu, mambo ya kuingiza mimea ya mbali bila kibali tuyaache. Panda mkwaju. Ni mti wa Afrika, unavumilia jua la Mwanza, kivuli chake kizito, na uji wa ukwaju utakunywa. Loweka mbegu usiku mmoja kwenye maji kabla ya kuzifukia, na mche uufunge miiba pembeni maana mbuzi wa Buswelu hawatauacha.