Flashi Imejaa Shotikati, Kazi Yangu Imeenda Wapi?

SWALI: Nilipeleka flashi ya GB 16 steshenari kuchapisha tasnifu. Niliporudi nyumbani nikakuta kila folda imegeuka shotikati (njia ya mkato, si folda yenyewe) ya KB 1 au 2. Fundi ananiambia nifomati. Flashi ya kwanza niliifomati mara mbili na hali ikajirudia. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usifomati kwanza. Tazama nafasi iliyotumika kwenye flashi: kama bado inasoma GB kadhaa, tasnifu yako imo. Kirusi cha aina hii kwa kawaida hakifuti. Kinazipachika folda zako alama mbili, h ya kufichwa na s ya faili la mfumo, kisha kinaweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya, kinaamka chenyewe kwanza, ndipo kinakufungulia folda halisi, nawe husikii kitu.

Inajirudia kwa sababu kompyuta yako nayo imeambukizwa, na kila flashi unayochomeka inaandikwa upya. Kwa hiyo anza na kompyuta, flashi ikiwa pembeni. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, tafuta wscript.exe, programu ya Windows inayoendesha mafaili ya kirusi cha aina hii, uisimamishe. Bonyeza Windows+R, andika shell:startup, na ukikuta humo faili usilolijua linaloishia na .vbs, .vbe au .js, lifute. Virusi vingine hujiandikisha kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows. Hivyo viachie Microsoft Defender Offline, ukaguzi wa kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, ambao huwasha kompyuta upya na kuikagua kabla Windows haijapanda. Tenga kama dakika 15, na sasisha Defender kabla ya kuanza.

Sasa chomeka flashi, usibofye chochote ndani yake. Windows+R, andika cmd, kisha:

attrib -h -s -r /s /d E:\*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako, na usiruke nafasi kati ya vipande. Wengi huondoa h peke yake, Windows inagoma kwa kuwa s bado ipo. Lazima zitoke pamoja. Folda zikishaonekana, futa shotikati zote pamoja na faili la .vbs au .js lililokaa nazo. Ukiona folda isiyo na jina, usiifute: virusi vingine huhamishia humo mafaili yote ya mwenye flashi. Yatoe kwanza. Mwisho bofya kulia kwenye flashi yenyewe na uagize Defender iikague, maana ukaguzi kamili wa kompyuta, usipobadilishiwa mpangilio, huziruka flashi. Baada ya kunakili kazi yako mahali pengine, hapo ndipo fundi wako ana haki: fomati.

SWALI: Nina steshenari karibu na chuo. Siwezi kukataa flashi za wateja. Nijikinge vipi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Tenga kompyuta moja ya kupokelea flashi, hata ya zamani, uweke Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure. Kirusi cha .vbs kilichotungwa kwa Windows hakina pa kusimamia humo, na utaziona wazi shotikati na folda halisi. Chapisha kutoka hapo. Kama lazima utumie Windows, fanyia kazi kwenye akaunti isiyo ya msimamizi, na zima Windows Script Host, sehemu ya Windows inayoendesha mafaili ya .vbs na .js: kwenye rejista, HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings, tengeneza thamani ya DWORD iitwayo Enabled, uipe 0. Mafaili ya .vbs na .js yatagoma kufunguka, ingawa kirusi cha .exe bado kitapita.

Ule ujanja wa kutengeneza kwenye flashi folda iitwayo autorun.inf, ili kirusi kisiweke faili lake lenye jina hilo, umepitwa na wakati. Ulifaa enzi za kirusi cha Conficker, mwaka 2008, flashi ilipokuwa inajiendesha yenyewe. Windows 7 iliacha tabia hiyo, na Februari 2011 Microsoft ikaizima pia kwenye XP na Vista kwa masasisho. Kirusi cha siku hizi kinasubiri kidole cha mtu.

SWALI: Flashi yenye kirusi ikichomekwa kwenye redio ya gari, redio itaharibika?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Redio inasoma nyimbo tu, haiendeshi programu za Windows. Huenda isione nyimbo zilizofichwa, basi. Lakini kirusi kinabaki kwenye flashi kikisubiri kompyuta ijayo.