Kwa wewe unayeanza kusoma Wapuritani

Insha yangu ya kwanza juu ya Wapuritani, wale Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kanisa lao lisafishwe mabaki ya Ukatoliki, ilirudi imejaa wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika kwamba "waliliacha Kanisa la Uingereza", na mwalimu akauliza pembeni: "Akina nani hao?" Niliudhika, ila alinishika pabaya. Wengi wao walibaki humohumo kanisani kwa miaka mia, wakinung'unika. Waliojitenga kabisa walikuwa wachache, na baadhi yao walinyongwa, kama Henry Barrow na John Greenwood mwaka 1593. Jina lenyewe "Wapuritani" lilianza kama kejeli ya mahasimu wao, kwa hiyo ukilikuta kwenye waraka, tazama kwanza nani anasema.

Usianzie kwenye teolojia, utachoka mapema. Anzia kwenye nguo. Mwaka 1566 makasisi kadhaa wa London walisimamishwa kazi kwa kukataa kanzu nyeupe ya ibada, waliyoiona ni vazi la Papa. Nami nilicheka nilipoisoma mara ya kwanza.

Kisha kielewe kiapo. Chini ya Askofu Mkuu John Whitgift, aliyeshika kiti mwaka 1583, mshukiwa aliapishwa kujibu ukweli kabla hajaambiwa ataulizwa nini. Mtu anayeogopa kumdanganya Mungu afanyeje? Akisema kweli amejichongea yeye na wenzake. Akidanganya amevunja kiapo. Akikataa kuapa, jela. Bila kujua hilo, majibu ya kuzungukazunguka utakayoyasoma kwenye kumbukumbu za mahakama utayaona ya kihuni tu.

Halafu utakutana na William Prynne, mwanasheria Mpuritani, na utampenda haraka mno. Mwaka 1634 alikatwa masikio kwa kitabu chake cha kushambulia michezo ya kuigiza. Mwaka 1637 mahakama ya Star Chamber ikaamuru vipande vilivyosalia navyo vikatwe, na mashavuni akachomwa kwa chuma cha moto herufi S.L., yaani mwandishi wa kashfa za uchochezi. Mwenyewe alidai ni alama za Laud, askofu mkuu wa wakati huo. Bunge lilimtoa gerezani mwaka 1640. Miaka michache baadaye ni Prynne huyohuyo aliyekusanya ushahidi wa kumtia hatiani Laud, mzee wa miaka sabini na moja, akakatwa kichwa tarehe 10 Januari 1645.

Nyaraka za siku zile zitakwambia ni 1644. Usizisahihishe: mwaka wa Waingereza wa wakati huo ulianza tarehe 25 Machi.