Plot karibu na mlango wa mto, tsunami inafika?

SWALI: Dada mhariri, hujambo. Nakaa Kayole lakini wazee wamenigawia kiplot kando ya mto Sabaki, huko Malindi, kama kilomita 3 hivi kutoka baharini. Nasikia ati tsunami hupanda mpaka mtoni, ni kweli? Na wakijenga ukuta ufuoni si inatosha?
Msomaji, Kayole

JIBU: Ndugu yangu, ni kweli, na tafadhali usipeleke mawe huko kabla hujasoma hii. Wimbi la upepo la kila siku huja kila baada ya sekunde 5 mpaka 15, likigonga mchanga wa mlangoni linavunjika na nguvu zake zinaishia hapo. Tsunami si hivyo, kutoka wimbi moja hadi lingine inaweza kuwa dakika 10 ama hata saa nzima, yaani bahari inasukumwa yote kutoka juu mpaka chini na maji yanazidi kuingia tu, na mto ndio njia rahisi manake hauna miti wala nyumba za kuyapunguza mwendo. Japani mwaka 2011 maji yalipanda mto Kitakami karibu kilomita 49. Shule ya msingi ya Okawa ilikuwa kando ya mto huo, kama kilomita 4 kutoka baharini, na watoto 74 walikufa. Kwa hivyo hizo 3 zako zisikupe moyo, uliza plot iko juu ya mto kwa mita ngapi.

Ukuta wa ufuoni na mto umeachwa wazi ni kazi bure. Kijiji cha Fudai, hukohuko Japani, walijenga geti la mita 15.5 kukatiza mto wao, likakamilika 1984, wengi waliona ni pesa zimetupwa. 2011 wimbi lilipita juu yake lakini maji yaliyoingia yalikuwa machache na nyumba zikabaki zimesimama.

Sabaki haina geti. Kinachowezekana kwetu ni kuacha mikoko na zile nyanda za mlangoni bila kuzijaza udongo, maji yapate pa kutawanyikia, na matuta ya kuzuia maji yajengwe mbali na ukingo. Mikoko hupunguza kasi, wimbi kubwa sana hailizuii. Pia kumbuka mvua ya Nairobi hushuka na Athi mpaka huko Sabaki, so mto ukiwa umefurika na bahari imejaa, hata wimbi dogo linakuta maji yako juu tayari.

Plot ikiwa chini, panda minazi, nyumba tafuta mwinuko. Na siku bahari ikirudi nyuma ghafla, kimbilia mlimani, usifuate barabara ya kando ya mto.