Namtaka binti au namtaka Mungu?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, Mkatoliki wa Moshi, nafanya kazi Tanga. Nampenda binti wa Kiislamu, ila baba yake hapokei posa mpaka nisilimu. Nahudhuria darsa mwezi wa nne sasa, na binti hunipigia simu kila alfajiri niamke kuswali. Siku hizi nikisikia adhana moyo unanidunda. Sijui nampenda Mungu au nampenda yeye. Nisilimu?*
*Njia Panda, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Anayeanza kupenda na anayeanza kuamini hufanana: wote hukosa usingizi, hutaja jina moja kutwa nzima, kila kitu kwao ni ishara. Usiutegemee huo mdundo.

Na hukuanza wewe. Hadithi mashuhuri ya Mtume kuhusu nia inamtaja aliyehama ili amuoe mwanamke: hijra yake ni kwa hicho alichokihamia, basi. Lakini yupo pia Abu Talha wa Madina, enzi za Mtume. Alimposa Ummu Sulaim, akaambiwa mahari ni kusilimu kwake. Akasilimu, akaoa, na baadaye bustani yake ya Bairuha, mali aliyoipenda kuliko zote, akaitoa sadaka. Wapo wanaoingilia mlango wa mapenzi wakafika ndani, na wapo wanaobaki kizingitini miaka 20, viatu mkononi.

Basi jipime. Kwa siku 40 mwambie binti asikupigie alfajiri, wala asiulize kama uliamka. Darsa hamia kwa ustadhi asiyejuana na familia yao. Faradhi za siku nzima ni rakaa 17, lakini wewe ziangalie zile mbili za alfajiri, maana chumbani kwako hakuna wa kukuona. Ukizikosa siku tatu nne, ni usingizi tu. Ukizikosa tangu simu ilipokoma, ulikuwa unamwamkia binti. Halafu jiulize: posa ikivunjika Rajabu, Ramadhani utafunga?

Nakubana kwa sababu shahada haimalizi dakika moja kuitamka, ila siku ya ugomvi aliyesilimu kwa ajili ya mke huigeuza deni: "Niliacha dini yangu kwa ajili yako." Deni hilo mke hana cha kulilipia.

Baba yake usimwone mkaidi. Kwa fikihi yao, yaani sheria ya dini, binti haozwi asiye Mwislamu. Ruhusa ya askofu wako ya kuoa asiye Mkristo haitamsaidia kitu. Ndoa ya serikali ipo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaikubali kwa notisi ya siku 21, lakini atakayefungiwa mlango kwao ni binti, si wewe.

Siku 40 zikipita na roho imetulia, oga josho, tamka shahada mbele ya mashahidi, chukua cheti chako. Jina si lazima ubadili. Ila kabla ya hapo panda basi uende Moshi ukamwambie mama mwenyewe, asije akaambiwa na wenzake kwenye jumuiya.