Shangazi, wenzangu wameondoka, mimi napewa funguo

SWALI: Shangazi, shikamoo. Ni msaidizi wa stoo katika kiwanda kimoja huku Pongwe, Tanga. Nina miezi tisa kazini na nimeshawaaga wenzangu saba. Wa mwisho ni mtunza stoo aliyenifundisha kazi: aliondoka Ijumaa, hakurudi tena. Sasa meneja anataka Jumatatu nishike funguo, mshahara utaongezwa. Mama anasema nichukue, kazi zenyewe ziko wapi? Mimi naogopa. Mahali hapakaliki, mimi nitakaaje?
Binti wa Makorora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Suala la kukaa au kuondoka liweke kando kwanza, maana kuna jambo la kabla ya Jumatatu. Usipokee funguo za stoo ambayo haijahesabiwa.

Yalinikuta. Mwaka 1994 nilikuwa karani wa ghala hapahapa mjini, wa tatu kuajiriwa mwaka ule. Nilikuta leja safi, mistari imepigwa kwa rula, nikatia saini chini ya salio. Wiki ya tatu akaja mkaguzi. Viroba vya mbele vilikuwa vya unga kweli. 14 vya nyuma, vilivyoegemea ukuta, vilikuwa pumba tupu. Aliyenitangulia alishahama mji, na saini ilikuwa yangu. Nilikatwa miezi mitano, na mwanangu wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Kazini watu wakipishana upesi hivyo, madeni ya wote humwangukia aliyetia saini mwisho.

Basi mwandikie meneja barua fupi, uombe mzigo uhesabiwe mbele yako, mhasibu na mtu wa uzalishaji. Msihesabu kwa macho. Teremsheni mpaka safu ya nyuma, fungueni vichache, pimeni, mlinganishe na bin kadi, ile kadi ya kila bidhaa inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Kila tofauti iingie kwenye fomu ya makabidhiano, wote mtie saini, nakala moja ulale nayo nyumbani. Akisema muda hakuna, andika: "Nimepokea funguo, mzigo haujahesabiwa," weka tarehe, naye agonge muhuri.

Ujue pia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukukata hivihivi kwa mzigo uliopotea. Lazima upotevu uwe kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako.

Sasa hilo la kukaa. Wapigie simu wale saba, uulize kila mmoja alikaa muda gani na aliondokaje. Wakikwambia waliachishwa wakiwa na miezi minne au mitano kazini, hapo pana hesabu ya mtu: aliye chini ya miezi sita hana kinga ya kuachishwa isivyo haki. Wewe umeshavuka. Wakisema waliondoka wenyewe, uliza kama walilipwa overtaimu, ambayo kisheria ni mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Halafu chukua taarifa yako ya NSSF uangalie mwezi mmoja mmoja kama michango imeingia, yako na ya mwajiri, jumla asilimia 20. Nimeona mabinti wengi wakikatwa kwenye hati ya mshahara huku NSSF pakiwa patupu. Ukikuta mapengo hayo, mwanangu, tafuta kazi nyingine kimyakimya, nyongeza isikubabaishe.

Siku ya kuondoka ikifika, usifanye kama wa Ijumaa. Kama unalipwa kwa mwezi, toa notisi ya siku 28 kwa maandishi, kabidhi funguo kwa fomu ileile, udai siku zako za likizo zilizobaki na hati ya utumishi.

Na siku ya kuhesabu, vaa viatu vya kufunika, ubebe tochi. Kule nyuma ukutani huwa giza hata saa sita mchana.